Neno Linalojulikana: Msomaji Mkorea na Ujifunzaji wa Msamiati wa Kiingereza katika Riwaya ya The Great Gatsby

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna msomaji ambaye lugha yake ya kwanza ni Kikorea anavyojifunza msamiati wa Kiingereza kwa kusoma riwaya. Riwaya iliyoteuliwa ni The Great Gatsby ya F. Scott Fitzgerald, iliyochapishwa mwaka 1925. Mjadala mwingi kuhusu suala hili huelekezwa kwenye maneno ambayo msomaji hayajui: ni mangapi, yanarudiwa mara ngapi, na yanakumbukwa kwa kiasi gani. Hoja ya makala ni kwamba kikwazo kikubwa zaidi kimo katika maneno ambayo msomaji anaamini kuwa anayajua. Neno geni humsimamisha msomaji, naye huuliza. Neno linalojulikana humpitisha, naye haulizi. Kwa kuchunguza maneno 'great', 'old sport', 'green light' na 'careless', pamoja na kiwakilishi 'you' na istilahi za ukoo, makala yanaonesha kuwa uzito wa riwaya hii umewekwa juu ya maneno ya aina hiyo ya pili, na kwamba Kikorea chenyewe humpa msomaji nyenzo za kuyafungua.

1.0 Utangulizi

Nchini Korea Kusini, Kiingereza kilianza kufundishwa kama somo rasmi katika shule za msingi, kuanzia darasa la tatu, mwaka 1997. Miaka minne kabla ya hapo, yaani mwaka 1993, ulianzishwa mtihani wa taifa wa kujiunga na vyuo vikuu unaojulikana kwa kifupi kama 'Suneung'. Sehemu ya Kiingereza ya mtihani huo ina maswali 45 ambayo mtahiniwa huyajibu kwa dakika 70. Katika mazingira hayo kilistawi chombo kimoja ambacho karibu kila mwanafunzi Mkorea anakifahamu: 'danojang', yaani daftari au kitabu cha maneno. Upande mmoja wa ukurasa kuna neno la Kiingereza, na upande wa pili kuna maana yake kwa Kikorea. Mwanafunzi hufunika upande mmoja kwa kiganja na kujiuliza upande wa pili.

Msomaji aliyelelewa na chombo hicho anapoanza kusoma riwaya kwa Kiingereza, huenda nacho. Hupigia mstari neno asilolijua, hulitafuta katika kamusi, huliandika kando ya maana moja ya Kikorea, kisha huendelea. Kwa namna hiyo riwaya hugeuka kuwa ghala la vidahizo, na kila ukurasa hupimwa kwa idadi ya maneno mapya uliyotoa. Anaweza kuifikia sura ya mwisho akiwa amejaza daftari, na bado asiweze kueleza kwa nini msimulizi anawahukumu wahusika fulani na kuwasamehe wengine. Swali linaloongoza makala haya ni hili: daftari hilo linaacha nini nje, na kilichoachwa nje kina thamani gani katika kuielewa riwaya?

2.0 Tafiti Tangulizi na Pengo Lililopo

Tafiti za ujifunzaji wa msamiati kupitia usomaji zimetoa mchango mkubwa, na uhakiki wa haki hauna budi kuanza kwa kuutambua. Mwaka 1978, Saragi, Nation na Meister waliwasomesha wazungumzaji wazawa wa Kiingereza riwaya ya Anthony Burgess iitwayo A Clockwork Orange, ambamo vijana huzungumza simo iliyojengwa kwa sehemu kubwa na maneno yenye asili ya Kirusi. Bila kutahadharishwa, wasomaji hao walipimwa baadaye kwa maneno 90 ya simo hiyo, nao wakaonesha kuwa wameyaelewa mengi kwa kusoma tu. Utafiti huo ulithibitisha kwamba muktadha na marudio vinaweza kumfundisha msomaji neno ambalo hakuna aliyemfafanulia.

Cho na Krashen, katika makala yao ya mwaka 1994, waliwachunguza wanawake wanne waliokuwa wakiishi Marekani, watatu kati yao wakiwa wazungumzaji wa Kikorea. Vitabu vya Sweet Valley High, vilivyoandikwa kwa ajili ya vijana, vilikuwa vigumu kwao. Vya Sweet Valley Twins, ambavyo ni vyepesi zaidi, navyo vilikuwa vigumu. Walipofikia Sweet Valley Kids, vitabu vya watoto wadogo, walianza kusoma kwa hamu, na msamiati wao ukaongezeka. Matokeo hayo yanafundisha unyenyekevu: mtu mzima aliyejifunza Kiingereza kwa miaka mingi darasani anaweza kuanza kufurahia kusoma katika kiwango cha mtoto.

Naye Nation, katika utafiti wake wa mwaka 2006, alikadiria kuwa msomaji anahitaji kujua kati ya familia za maneno 8,000 na 9,000 ili aelewe asilimia 98 ya maneno yaliyomo katika matini kama riwaya bila msaada. The Great Gatsby ilikuwa miongoni mwa riwaya tano alizozichambua. Asilimia 98 inamaanisha neno moja lisilojulikana katika kila maneno 50. Kwa kuwa riwaya hiyo ina takriban maneno 48,000, hata msomaji aliyefikia kiwango hicho atakutana na maneno mageni takriban mara 960.

Pengo la tafiti hizi linaonekana katika upande wa pili wa hesabu hiyo. Asilimia mbili zimejadiliwa kwa kina. Asilimia 98 zimechukuliwa kuwa zimeshughulikiwa. Neno likitambuliwa, huhesabiwa kuwa limeeleweka. Mhakiki wa fasihi hawezi kukubaliana na dhana hiyo, kwa sababu mwandishi wa riwaya mara nyingi huweka mzigo wake mzito juu ya neno jepesi.

Uchambuzi unaofuata unaongozwa na Nadharia ya Upokezi, hususan mawazo ya Wolfgang Iser kwamba matini huwa na mapengo ambayo msomaji huyajaza kwa ujuzi wake, na kwamba maana hupatikana katika kukutana kwa matini na msomaji. Kwa mujibu wa mtazamo huo, Mkorea anayesoma riwaya ya Kimarekani hujaza mapengo kwa ujuzi aliopewa na lugha yake. Ujuzi huo wakati mwingine humpotosha, na wakati mwingine humfikisha mahali ambapo msomaji mzawa hafiki.

3.0 Uchambuzi

3.1 Neno la Kwanza la Jina la Riwaya

Neno 'great' ni miongoni mwa maneno ya mwanzo ambayo mtoto wa shule hufundishwa. Hakuna msomaji wa riwaya hii atakayelitafuta katika kamusi. Nchini Korea riwaya inajulikana kwa jina la 'Widaehan Gaecheubi', na kivumishi 'widaehan' hubeba heshima nzito: hutumika kwa watu na kazi zilizotukuka. Msomaji anayeanza na kivumishi hicho hutarajia shujaa.

Anachokipata ni mtu aliyejipatia mali kwa njia za magendo, anayeandaa sherehe kubwa kwa wageni wasiomjua, na ambaye jina lake la kuzaliwa ni James Gatz. Kiingereza hulitumia neno 'great' pia katika matangazo ya wanamazingaombwe na waonesha maonyesho, na matumizi hayo yamo ndani ya jina la riwaya pamoja na yale ya utukufu. Fitzgerald mwenyewe aliwahi kufikiria kuiita riwaya yake kwa jina la Trimalchio, mtumwa aliyeachwa huru na kutajirika katika kazi ya Petronius wa Roma ya kale, ambaye alisifika kwa karamu za kujionesha. Kwa hiyo jina la riwaya ni sifa na kejeli kwa pamoja, na riwaya nzima ni jitihada ya msimulizi, Nick Carraway, kuamua ni ipi kati ya hizo inayomstahili Gatsby. Msomaji aliyeandika maana moja katika daftari lake ameufunga mjadala kabla haujafunguliwa.

3.2 'Old Sport' na Gatsby kama Mwanafunzi wa Lugha

Maneno mawili yanayounda mwito 'old sport' ni rahisi mno. La kwanza humaanisha uzee au ukale. La pili limeingia katika Kikorea kama neno la mkopo, 'seupocheu', likiwa na maana ya michezo. Msomaji anayejua yote mawili hajui chochote kuhusu mwito huo. Ni namna ambavyo wanaume wa tabaka la juu la Kiingereza walivyoitana kirafiki, na Gatsby huutumia kwa karibu kila mwanamume anayezungumza naye.

Umuhimu wa mwito huu haumo katika maana yake bali katika asili yake. Gatsby alizaliwa katika familia ya wakulima maskini wa North Dakota na alikaa Oxford miezi michache tu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwito huo ni vazi aliloliazima. Katika mgogoro wa hoteli ya Plaza, Tom Buchanan, aliyezaliwa katika utajiri, anamtaka Gatsby aeleze ameuokota wapi. Kabla hata ya kutaja magendo, Tom anashambulia msamiati. Anajua kwamba mtu anayeongea kwa maneno ya kujifunza anaweza kuaibishwa kwa maneno hayo hayo.

Hapa riwaya inamgusa msomaji wake wa kigeni kwa namna ambayo tafiti za msamiati hazijaizingatia. Gatsby mwenyewe ni mwanafunzi wa lugha. Walipokutana mara ya kwanza, Nick alihisi kwamba mtu huyu anachagua maneno yake kwa uangalifu. Katika sura ya mwisho, baba yake anamwonesha Nick ratiba ambayo Gatsby aliiandika alipokuwa kijana, mwaka 1906, nyuma ya kitabu cha hadithi: kuamka alfajiri, mazoezi ya viungo, masomo, na muda maalumu wa kujizoeza kusema kwa ufasaha. Miongoni mwa maazimio yake ni kusoma kila wiki kitabu au jarida moja la kumwendeleza. Mkorea aliyepanga idadi ya maneno ya kukariri kila siku hahitaji tanbihi ya kumweleza ukurasa huo.

Riwaya inaweka kando ya ratiba hiyo picha ya pili. Katika maktaba ya jumba la Gatsby, mgeni mmoja mwenye miwani mikubwa anashangaa kugundua kuwa vitabu ni vya kweli. Lakini kurasa zake hazijakatwa, maana yake hakuna aliyevisoma. Vitabu vilivyomilikiwa bila kusomwa na maneno yaliyokaririwa bila kuishi ni jambo moja. Onyo hilo linamhusu pia mtu anayeichukua riwaya hii kama ghala la vidahizo.

3.3 Taa ya Kijani

Usiku, Gatsby huitazama taa ya kijani iliyo kwenye gati la nyumba ya Daisy, ng'ambo ya ghuba. Maneno 'green' na 'light' hayana ugumu wowote. Hata hivyo, msomaji Mkorea huyafikia kwa njia mbili zisizo za kawaida. Kwanza, kivumishi cha asili cha Kikorea, 'pureuda', hujumuisha rangi ya majani na rangi ya bahari, na taa ya kuruhusu barabarani huitwa katika mazungumzo ya kila siku 'paranbul', yaani taa ya buluu. Pili, katika muongo wa 2010, neno la mkopo 'geurin raiteu' lilienea miongoni mwa vijana likiwa na maana ya dalili kwamba mtu unayempenda naye anakupenda.

Mwalimu wa msamiati angelikataa neno hilo la mkopo kama upotoshaji wa Kiingereza. Mhakiki analiona kwa jicho jingine. Kosa la Gatsby ni kuisoma taa ile kama dalili aliyotumiwa yeye, ilhali ni taa ya gati tu, iliyowekwa kwa ajili ya vyombo vya majini. Kijana wa Seoul anayetabasamu anapokutana na maneno hayo, akidhani kwamba maana yake ya mtaani haihusiani na riwaya ya mwaka 1925, yumo karibu sana na kiini cha mhusika. Anachohitaji ni kuulizwa: nani aliiwasha taa hiyo, na kwa ajili ya nani?

3.4 Umri, Ukoo na Kiwakilishi 'You'

Msomaji wa Kikorea hawezi kusoma mazungumzo bila kujua nani ni mkubwa kwa nani. Lugha yake hutofautisha usemi wa heshima, 'jondaenmal', na usemi wa kawaida kati ya watu walio karibu au walio sawa, 'banmal', na tofauti hiyo hujidhihirisha katika kiishio cha kitenzi. Kiingereza kina kiwakilishi kimoja, 'you', ambacho humfaa rafiki, adui, mtumishi na bosi. Neno hilo hufundishwa siku ya kwanza na halirudiwi tena.

Hata hivyo, riwaya inatoa vidokezo. Nick anafikisha miaka 30 siku ile ile ya mgogoro wa Plaza, na Gatsby anaelezwa kuwa amepita miaka 30 kwa mwaka mmoja au miwili. Kwa Mkorea, mwaka mmoja unatosha kumfanya mtu kuwa 'hyeong', kaka mkubwa wa mwanamume mwenzake. Msomaji hulazimika kuamua kimyakimya ni lini wawili hawa wanaacha usemi wa heshima na kuingia katika usemi wa ukaribu, au kama hawaingii kamwe. Anapofanya uamuzi huo, ameuliza swali kuu la riwaya, yaani iwapo Nick alikuwa rafiki wa Gatsby au mtazamaji wake. Msomaji mzawa anaweza kuifunga riwaya bila kuulizwa swali hilo na sarufi.

Hali ni hiyo hiyo katika ukoo. Uhusiano wa Nick na Daisy unatajwa kwa fungu la maneno ambalo hata Waingereza na Wamarekani wengi hushindwa kulikokotoa. Kikorea huhesabu ukoo kwa hatua ziitwazo 'chon': ndugu wa baba na mama mmoja ni hatua mbili, watoto wa ndugu ni nne, wajukuu wa ndugu ni sita. Daisy ni 'chilchon' kwa Nick, hatua saba. Msomaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake humtofautisha baba mkubwa, baba mdogo, ami na mjomba pale ambapo Kiingereza kina neno moja, ataielewa faida hiyo. Mkorea hubaini mara moja kwamba undugu huu upo, lakini uko mbali. Unatosha kumfungulia Nick mlango wa nyumba ya Daisy, na hautoshi kumfunga mdomo.

3.5 'Careless': Neno Linalofundishwa na Riwaya

Mfano wa mwisho ndio unaobeba hoja nzima. Katika vitabu vya maneno, 'careless' huwekwa kando ya 'bujuuihan', kivumishi kinachotokana na kukosa uangalifu. Maana hiyo ni sahihi, na inatosha katika sura ya tatu, ambapo Nick anamlaumu Jordan Baker kwa uendeshaji mbaya wa gari, naye anajibu kwa kutegemea uangalifu wa wengine na kusema kwamba hawapendi watu wa namna hiyo. Msomaji hulipita neno bila wasiwasi. Ni mazungumzo mepesi kuhusu magari.

Katika sura ya saba, gari linaloendeshwa na Daisy linamgonga na kumuua Myrtle Wilson, wala halisimami. Katika sura ya mwisho, baada ya Gatsby kuuawa kwa kosa ambalo si lake, Nick anatumia neno lile lile kuwahukumu Tom na Daisy, watu wanaovunja vitu na viumbe kisha wakarejea kwenye fedha zao. Jordan naye analitumia mara ya mwisho wanapoachana, akimaanisha kwamba alikosea kumwamini Nick. Sasa 'bujuuihan' haitoshi. Kosa la Daisy si kwamba macho yake yaliacha barabara kwa nukta moja. Ni kwamba hakurudi kumtazama aliyekufa, wala hakutuma hata ua kwenye mazishi ya aliyembebea lawama. Kiswahili kingetenganisha hapa uzembe na kutojali. Kikorea kina 'musimhan', neno lililojengwa kwa dhana ya kutokuwa na moyo. Msomaji anayetoka neno la kwanza hadi la pili amejifunza 'careless' kwa namna ambayo hakuna daftari lingeweza kumfundisha, kwa sababu kilichomfundisha ni safari ya neno kutoka kwenye mzaha hadi kwenye kifo na hukumu.

4.0 Mjadala

Inaweza kudaiwa kwamba hoja hizi ni anasa ya mhakiki. Kwamba mtu asiyejua asilimia mbili hawezi kuulizwa kuhusu asilimia 98. Dai hilo lina uzito. Wanawake waliochunguzwa na Cho na Krashen walihitaji kwanza kitabu wanachoweza kukisoma bila kuumia, na hakuna uhakiki unaoweza kuanza kabla ya hapo. Aidha, mtahiniwa mwenye dakika 70 na maswali 45 ana haki ya kutaka jibu moja kwa neno moja.

Lakini dai hilo linachukulia kwamba kuna hatua mbili zinazofuatana: kwanza maneno, kisha fasihi. Mifano iliyochambuliwa inaonesha kuwa hatua ya pili haiji yenyewe. Msomaji aliyezoea kusimama kwenye neno geni pekee ataendelea kufanya hivyo hata akijua maneno 20,000, na kadiri ujuzi wake unavyoongezeka ndivyo anavyosimama mara chache zaidi. Kwa hiyo mabadiliko yanayohitajika ni madogo na yanawezekana mapema. Daftari la maneno libaki, lakini liwe na ukurasa mwingine wa maneno yanayojulikana na kurudiwarudiwa, na kando ya kila neno iandikwe nani amelisema, kwa nani, na baada ya tukio gani. Ukurasa huo hautajaa haraka. Kwa 'careless' ungekuwa na mistari michache tu, na mistari hiyo ingekuwa muhtasari wa riwaya.

Jambo la pili linahusu hadhi ya msomaji wa kigeni. Mijadala ya msamiati humchora kama mtu mwenye upungufu, anayepimwa kwa umbali uliobaki kati yake na mzawa. Uchambuzi wa kiwakilishi 'you', wa istilahi za ukoo na wa taa ya kijani unapinga picha hiyo. Kikorea kinamlazimisha msomaji wake kuuliza maswali ambayo Kiingereza kinayaficha, na maswali hayo ni ya kihakiki. Anayeambiwa aache lugha yake mlangoni ili asome Kiingereza safi ananyang'anywa chombo bora alichokuja nacho.

5.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba katika The Great Gatsby maneno yanayoamua maana ni yale ambayo mwanafunzi huyaona mapema na kuyaacha mapema. Tafiti za msamiati zimefafanua vema ni maneno mangapi yanahitajika ili riwaya isomeke. Zimeacha wazi swali la namna ya kuyasoma maneno ambayo yamekwisha kuhesabiwa. Swali hilo ni la uhakiki wa fasihi, na halina budi kuingizwa katika ufundishaji wa lugha tangu kitabu cha kwanza. Gatsby alijizoeza kusema kwa ufasaha, akaupata mwito wa watu wa tabaka la juu, na akautumia hadi mwisho bila kutambua kwamba wenye mwito huo walimsikia kama mgeni. Msomaji Mkorea anayeutambua umbali kati ya kujua neno na kujua linachofanya kinywani mwa mtu fulani, mbele ya mtu fulani, amekwisha kumzidi Gatsby katika somo ambalo ratiba yake haikulitaja.